Mwalimu Nesta Haonga, Aliyefungua Maboksi Kabla ya Mgeni Rasmi

Mchungaji na wazee wa kanisa, sheikh wetu na majirani wa mtaa huu, walimu, wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka, nanyi nyote mliokesha nasi tangu Jumatatu, naitwa Hezron Haonga, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, ingawa yeye mwenyewe, angekuwa amekaa pale mbele, angeshaniambia nipunguze salamu nianze kazi.

Mwalimu Nesta Haonga alizaliwa tarehe 9 Mei 1961 huko Igamba, wilaya ya Mbozi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Asajile Haonga na mama yetu Ketrina, ambaye mnamwona amekaa hapa, wakulima wa kahawa na mahindi, akabatizwa mwaka huohuo katika Kanisa la Moraviani. Kwa kuwa historia ya marehemu haitakiwi kuwa ya kusifu tu, niseme pia kwamba akiwa na miaka kumi aliifungua mashine ya baba ya kumenya kahawa, katikati ya msimu, akitaka kuona ganda linatokaje, akachapwa, akairudisha, zikabaki nati mbili mkononi, na mashine ikaendelea kufanya kazi bila hizo nati hadi baba alipoiuza.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Igamba kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Mbeya mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979 na kidato cha sita mwaka 1982, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akasomea ualimu wa fizikia na hisabati na kupata stashahada mwaka 1985. Mara nyingi alitueleza jinsi alivyojifunza umeme kwa kuchorewa ubaoni, betri ya chaki, waya wa chaki, balbu ya chaki, na jinsi alivyofaulu mtihani wa kueleza kwenye karatasi kitu ambacho angekiona kama angekuwa na kifaa, na kila alipolieleza hilo alikasirika upya, akasema kwamba hakuna mwanafunzi wake atakayefaulu kwa kubahatisha namna ile.

Alianza kazi Januari 1986 huko Isansa, katika sekondari iliyojengwa na wazazi kwa fedha za kahawa, akafundisha hapo miaka ishirini, na mwaka 2006, zilipofunguliwa shule za kata, akahamia hapa Tunduma, Sekondari ya Msisina, ambako alikuta vyumba vinne, walimu watano, na mlango ulioandikwa maabara, ndani yake kuna majembe.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu Damiano Siame, fundi umeme wa magari, aliyekutana naye alipoenda gereji kuomba betri mbovu za kufundishia, na shemeji anakiri kwamba siku ile alimpa betri nzima ili arudi tena. Mungu aliwajalia watoto watatu, Goodness, Rabson na Jenista, na alipohamia hapa Tunduma, akina mama wa upande wa Zambia aliouza nao sokoni siku za Jumamosi hawakumwita kwa jina lake, walimwita Bana Goodness, yaani Mama Goodness.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wengi mmelisikia kwa kupotoshwa, na mkuu wa shule, ambaye yuko nasi hapa, amenihimiza mwenyewe nilisome wazi. Mwaka 2012 dada aliandika maombi kwa mfuko mmoja unaofadhili sayansi kwa vitendo mashuleni, akajibiwa, na Februari 2013 yakaja maboksi sita yenye mota ndogo, magurudumu, vihisio na nyaya za kutengenezea roboti, kwa sharti kwamba ifikapo Juni wanafunzi wenyewe, si walimu, waonyeshe kazi ya mikono yao, la sivyo vifaa vihamishiwe shule nyingine. Shule ikafurahi, ikayafunga maboksi utepe wa bluu, ikayaweka ofisini chini ya kitambaa, ikasubiri mgeni rasmi aje kuyazindua, maana sisi tunajijua, hapa kwetu hata choo hakiingiwi kabla hakijakatiwa utepe. Mgeni akaahidi Machi, akapata safari, akaahidi Aprili, mvua zikamzuia, akaahidi Mei, akatuma salamu, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumatatu tarehe 20 Mei, wakati wa kipindi cha pili, dada aliingia ofisini na wanafunzi wa kidato cha pili, akamwambia mkuu wa shule kwa heshima zote kwamba mgeni rasmi akija atawakuta wanafanya kazi, akakata ule utepe kwa mkasi wa karani, wakabeba maboksi. Alitakiwa kujieleza kwa maandishi, akajieleza kwa sentensi moja, akapewa onyo, akalipokea, akarudi darasani. Mota mbili ziliungua wiki ile ya kwanza, na waliosema vifaa vya wafadhili vitaharibiwa na watoto walipata la kusema, lakini shemeji Damiano alileta mota ya waipa ya lori, zawadi ya mzee Abdulrahim wa duka la spea, yenye nguvu kuliko kigari chenyewe cha roboti walichokuwa wakikiunda.

Wageni wa mfuko walipofika Juni, wakakaa, kigari kikawashwa, kikatakiwa kwenda mbele na kusimama kikiona ukuta, kikarudi nyuma kwa kasi, kikapita chini ya meza kuu na kuangusha chupa ya chai. Mkuu wa shule alifunika uso, na dada hakunyanyuka, alikunja mikono akamtazama binti mmoja, Fides, ambaye aliinama, akakigeuza, akawaeleza wageni kwamba wamebadilisha mota bila kugeuza nyaya, akazigeuza palepale, na kigari kikaenda mbele, kikasimama mbele ya ukuta. Wageni walisema kwamba shule nyingi zimewaonyesha vifaa vinavyong'aa, hii ndiyo imewaonyesha mtoto anayejua alipokosea, na ufadhili ukaendelea.

Novemba 2014 dada alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akatibiwa hospitali ya Vwawa, kisha hospitali ya rufaa Mbeya, ikaonekana moyo umetanuka, na hata alipowekewa mashine ya oksijeni aliwataka wauguzi wamweleze inavyofanya kazi kabla hajavaa barakoa. Alifariki Jumatatu tarehe 14 Septemba 2015, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 54, na sisi tuliobaki tumeumia, sitalipamba hilo kwa maneno.

Ndugu waombolezaji, tangu asubuhi nimesikia watu wakiulizana kwa sauti ya chini, wanafunzi wa mwalimu wako wapi, mbona hakuna sare, mbona hakuna kwaya ya shule wala watoto wa kupanga mstari kuelekea kaburini, kama ilivyo desturi mwalimu anapozikwa. Leo, Alhamisi, mfuko ule unachagua huko Mbeya shule zitakazojengewa maabara kamili, na asiyekuwepo hachaguliwi. Walimu walikuja Jumatatu jioni kutuambia kwamba wanajiondoa kwa heshima ya msiba, wazee wa pande zote mbili wakakubali, nami nilikuwa mmoja wao, ndipo shemeji Damiano alisimama akasema kwamba mkewe hakuwahi kuwasubirisha watoto kwa ajili ya mgeni rasmi aliye hai, hatawasubirisha kwa ajili ya jeneza. Wanafunzi waliaga mwili leo kabla jua halijatoka, wakiongozwa na Fides ambaye sasa yuko kidato cha nne, walilia sana, wakapanda gari na roboti yao magotini, na saa hii tunapozika wao wako mezani wanaeleza kazi yao. Kama wamepata au wamekosa, hatujui bado, na anayeona tumekosea mila atulaumu sisi familia, tumekubali kulibeba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Vwawa na Mbeya, majirani mliotuletea kuni, maji na unga, waumini wa kanisa na wa msikiti, mzee Abdulrahim aliyetoa lori la kuleta mwili, na walimu wenzake wa Isansa na Msisina, bila kumsahau mkuu wa shule, ambaye gari lililowapeleka watoto Mbeya ni lake.

Pumzika kwa amani, dada yangu Nesta, wanafunzi wako wapo kazini.