Fundi wa Lifti Aliyestaafu Mapema

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Ghorofa, alizaliwa tarehe 17 Agosti 1965, mtoto wa pili kati ya wanne wa mlinzi wa ghala na mama mshonaji. Mdogo wake wa mwisho, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyembandika jina hilo, na mpaka leo haombi radhi.

Alimaliza sekondari mwaka 1985, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo cha ufundi kusomea umeme. Wakati huo baba yao alikuwa amestaafu akiwa na baiskeli na kikohozi, basi. Marehemu alimwona akimwomba mwanawe mkubwa hela ya sabuni huku akiangalia pembeni, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Mwaka 1987, kwa vijisenti alivyopata akitengeneza pasi za wenzake bwenini, alianza kuwekeza kila mwezi katika mfuko wa faharasa, ule unaonunua kipande kidogo cha kila kampuni kubwa iliyo sokoni. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

“Bosi, kampuni zako zinasemaje leo?” walimuuliza akifua shati lake la pekee.

“Zinawasalimu,” alijibu, akaendelea kufua.

Kwenye fomu aliandika fedha zikatwe benki tarehe 31, akidhani kila mwezi unafika huko. Miezi mitano ya mwaka haikukatwa hata senti. Alipogundua, alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya mfuko kulipa mkononi, na huko akamkuta karani wa dirisha la pili.

“Kaka, si ubadilishe tarehe tu? Fomu hii hapa.”

“Sina kalamu, dada.”

“Kalamu hii.”

“Ah, basi nimesahau miwani.”

Hakuwahi kuvaa miwani maishani mwake. Aliendelea kwenda pale mara tano kwa mwaka, shati limenyooshwa, mpaka karani akaijaza fomu mwenyewe na kumwambia kama ana la kusema, aseme. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa binti na mwana.

Januari 1990 aliajiriwa kutengeneza lifti, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa. Mtu akikwama ndani, marehemu alikuwa anazungumza naye kupitia mlango huku mikono ikifanya kazi. “Mama, usiogope, nipo. Hebu niambie, leo umepika nini?” Wengi walitoka wakiwa bado wanaeleza mapishi.

Lakini simu ya kazi hiyohiyo ilimtoa mezani kwake karibu kila siku. Mkewe alizoea kufunika sahani. Mfuko nao uliendelea. Miaka mingine ulinyauka, mingine ukanona, naye hakuugusa, hata paa lilipovuja na mabeseni yakapangwa sebuleni. “Hiyo ni ya uzeeni,” alisema, na sote tulijua anamwona baba.

Aprili 2019 mkewe alimwekea mezani fomu ya kuanza kutoa fedha hizo, ameshaijaza yote isipokuwa sahihi. Marehemu aliizunguka wiki tatu. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, pensheni ilikuwa mpaka afikishe miaka sitini, na aliogopa fedha zikimwishia njiani atakuja kuomba sabuni kwa watoto. Wala hakuficha. Alimwambia mkewe, “Mama watoto, mimi naogopa.”

“Najua,” mkewe alisema. “Ila kama una muda wa kunipa, nipe sasa hivi ningali napanda ngazi.”

Alitia sahihi siku hiyo. Aliacha kazi tarehe 28 Juni 2019, akairudisha simu ya ofisi pamoja na chaja yake. Hakutajirika. Fedha za mfuko zilitosha chakula, maji na umeme, na kila asubuhi wawili hao walitembea hadi sokoni wakibishana kuhusu bei ya vitunguu.

Novemba 2024 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi saba, na tarehe 11 Juni 2025, saa mbili asubuhi, alifariki nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono. Zilikuwa zimebaki siku sitini na saba afikishe umri wa pensheni.

Mjane ametuagiza tuyasome haya kama alivyoyasema: walipata miaka sita kasoro siku kumi na saba, na katika muda huo wote hakufunika sahani hata mara moja.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, kaka mmoja na dada wawili. Kaka yetu, tunakulilia. Pumzika kwa amani.