Mama Fumua na Kroshia ya Rangi Mbili

Mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fumua naye akaitika, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi viatu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake.

Alisoma hadi darasa la nane. Kroshia alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mpole, kwa hiyo ukali si wa kurithi.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972 na karani wa stoo, marehemu baba yetu. Alimfumia kofia ya rangi mbili ya kuvaa siku ya harusi. Alikuwa bado mgeni wa kazi, akauvuta mno uzi wa rangi ya pili, ule unaofichwa ndani ya mishono, kofia ikabana. Baba aliivaa tangu asubuhi hadi wageni walipoondoka, kichwa kikimgonga. Alipoulizwa, alijibu tu, “Kichwa kitazoea.” Mama hakupata tena mtu wa kumvumilia hivyo.

Tangu mwaka 1974 alifundisha wanaoanza kroshia ya rangi, sebuleni kwetu, kila Jumamosi. Alijua kufundisha, hilo hatumnyimi. Rangi mpya, alisema, inaingia kwenye mvuto wa mwisho wa mshono wa rangi ya zamani. Ukisubiri mshono uishe, rangi zinaingiliana kama nguo iliyochuja. Ila mwanafunzi akikosea, hakumwambia. Alimwacha afume hadi amalize, aje anatabasamu, ndipo alipoigeuza kazi, akacheka, akaifumua mbele ya wote. “Ningekwambia mapema ungesahau,” alisema. Wengi walilia na wachache walirudi.

Mwaka 2011 wifi yangu, mke wa kaka, akiwa mjamzito, alifuma blanketi jeupe lenye maua mekundu. Mama aliliona kosa kwenye mstari wa pili, akanyamaza. Siku mtoto alipoletwa kutoka hospitali, alimvua lile blanketi akalifumua, mtoto angali mapajani mwa mama yake. Kaka akasema, “Mama, huyu humwoni tena.” Mama akatuambia atarudi tu, huyo anajua kununa. Hakurudi.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2022. Alipolazwa, alitaka kitu kimoja tu, kumwona mjukuu wake, lakini kuomba kulimshinda. Akaniambia, “Mwambie wifi yako alete kazi niikague.”

Nilimpigia. Wifi hakuja. Alimtuma jirani yake na blanketi jingine, jeupe, maua mekundu. Mama aliligeuza akalikagua nyuma na mbele hadi chai yake ikapoa. Hapakuwa na uzi uliobana wala uliolegea.

“Nani kamfundisha?”

“Mwalimu mwingine, Mama.”

“Na mtoto anakuja lini?”

“Haji, Mama. Wamesema uliangalie tu, kisha lirudi.”

Aliomba afunikwe nalo usiku ule mmoja. Jirani akasema ameagizwa asiondoke bila hilo blanketi. Mama alilikunja mwenyewe, taratibu, akampa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Alifariki tarehe 9 Februari 2023, saa kumi na moja alfajiri, chini ya shuka la hospitali.

Ameacha binti mmoja, anayewasomea haya. Mwana mmoja, ambaye hakuja. Mkwe mmoja, fundi hodari wa kroshia. Na mjukuu mmoja wa kiume. Juzi nilipopiga simu ya msiba ni yeye aliyepokea. Nilimwambia bibi amefariki, naye akauliza kwa adabu, “Bibi wa nani?”

Apewe huko aendako amani ambayo hapa hakuitaka.