Kofia ya Kijana Tuliyemzomea

Mgeni rasmi, Bwana Gordon Thayer, meneja mkuu wa timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Wavunja Barafu, na mwenye neno la mwisho siku ya kuteua vijana; Padri Kosik, mwenye ukumbi; mabibi na mabwana mnaosubiri samaki:

Sisi wanawake wa Jukwaa la Kaskazini tunakusalimu. Umefika Port Lavelle Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo hapa hata adui hupewa sahani ya samaki na viazi. Bi. Bernadine Wojcik, mwenyekiti wetu, akikukazia macho usijali. Ana mtoto wa jicho. Na pia amekukasirikia.

Risala hii tumeiandika na kuichana, tukaiandika tena. Kila tukikaa, mmoja anasema hivi, mwenzake anasema vile, na kabla kahawa haijapoa wamebadilishana. Utusamehe ikiyumba.

HISTORIA YETU

Sisi ni wake, wajane na mabinti wa watu wa kiwanda cha karatasi. Viti vyetu uwanjani hatukuvinunua, tulivirithi. Kwetu kiti huandikwa kwenye wosia kabla ya nyumba. Ndiyo maana sura mpya ikitokea safu yetu, hatuulizi jina. Tunauliza, "Nani amefariki?" Ukishajibu tunakupa pole na kahawa, na basi. Mfiwa hachokonolewi.

Tena tuna desturi ya kumfumia kofia kila kijana mpya anayekabidhiwa kazi ya kurusha mpira, yenye jina lake, kabla ya baridi kuingia. Aliyepita aliivaa mpaka masikio yakatokea.

UTEUZI

Aprili ya mwaka juzi tulikusanyika humu humu mbele ya televisheni. Timu zinazoshindwa sana ndizo huchagua kwanza, na katika foleni hiyo sisi hatusukumwi na mtu. Tulijua utamteua Kyle Brandstetter, mtoto wa mashamba ya hapo nyuma ya mji, ambaye baba yake mdogo ndiye tunayenunua kwake jibini. Tulijua hivyo mpaka kofia yake ilikuwa imeshafumwa. Jina lenyewe refu. Uzi wa sufu ulituishia katikati, tukafumua soksi ya marehemu mmoja ambaye hatutamtaja.

Ukamteua Cortland Mabry wa Mississippi, kule kusini kwenye joto, kijana aliyeiona theluji kwenye kadi za Krismasi tu.

Bi. Florence Pankratz akauliza, "Ndiye nani huyo?"

"Ndiye atakayevunjika," akasema Bi. Bernadine.

Kofia ya pili hatukufuma.

MAFANIKIO

Tumeyatafuta. Mechi tulizoshinda misimu hii miwili hatuzitaji, zisije zikaona haya. Tuseme tu kwamba samaki wa ukumbi huu hawajawahi kumwangusha mtu.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa, mgeni rasmi, ni midomo yetu.

Septemba iliyopita, kwenye kiti cha marehemu Stanley Gajewski, alikaa mama mmoja mgeni, amevaa koti jipya ambalo kibandiko cha bei kilikuwa bado kinaning'inia kwapani. Bi. Bernadine akamgeukia. "Pole, mama. Nani amefariki?"

"Hajafa mtu bado," yule mama akajibu. "Lakini namwangalia."

Tukajua ana mgonjwa. Tukampa kahawa, tukanyamaza, kama desturi inavyotaka. Yaani juu yake tulinyamaza. Juu ya Cortland hatukunyamaza.

"Mwone, kashika mpira kama yai la jirani," Bi. Bernadine alikuwa akisema.

"Miguu yake inatafuta basi la kurudi kwao," anaitikia Bi. Florence.

"Kyle angekuwa ameshautupa, kaenda kula."

Yule mama alikuwa anakuja na keki ya viazi vitamu, anatumegea kila mmoja kipande. Siku moja alisema, taratibu, "Jamani, ule ukuta wa wanaume wanaomlinda pale mbele yake, mbona una milango mingi hivyo?" Tukacheka, tukala keki. Ukuta hatukuutazama.

Desemba tukaenda na shuka. Lilikuwa la kitanda cha Bi. Bernadine, kile kikubwa, na tangu afiwe na mume lilikuwa halina kazi. Tuliandika kwa rangi ya kupaka boti: MRUDISHENI KWAO. Upepo wa ziwani ukalipiga, pembe moja ikatuponyoka. Bi. Bernadine akamwambia yule mama, "Dada, hebu nishikie hapo." Akaweka keki chini, akashika.

Mpira ulipoanzishwa tena, ukuta ukafunguka kama mlango wa kanisa, wakaingia wanaume wawili, wakamwangukia Cortland. Akalala. Hakujitikisa.

Yule mama hakuliachia shuka. Alisimama nalo mkononi, akaita kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo, "Baba, inuka nikuone. Inuka, baba."

Tuseme ukweli, tulisahau kuzomea. Kijana akajivuta goti moja, akainuka.

Bi. Bernadine akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua, "Ni wako?"

"Mjukuu wangu. Nimemlea mimi."

"Sasa mbona umeshika shuka letu?"

"Si limeandikwa arudi kwao?" akasema. "Hata mimi nataka arudi kwetu. Tangu mlipomchagua sijalala usingizi wa maana. Yeye ndiye hataki. Kila nikimwambia, ananijibu, 'Bibi, mji ule utanipenda tu, bado haujanizoea.'"

Huyo ndiye Bi. Earline Mabry. Shuka tulilikunja sisi wote, kila mtu akitafuta pembe yake.

Tangu siku hiyo hatujatulia. Tunautazama ukuta, na kweli una milango. Halafu tunamtazama kijana, na mara nyingine anarusha mpira mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja. Je, anaweza? Bi. Florence anasema ndiyo akiwa ameshiba, na hapana akiwa na njaa. Hatujui, mgeni rasmi. Na tulipiga kelele kama watu wanaojua.

Sasa mwezi uliopita tukakusikia redioni ukisema, "Shuka lile nimeliona. Mashabiki wamesema, nami nawasikiliza. Aprili hii tutateua mrushaji mwingine, na Mabry atatafutiwa pa kwenda." Bi. Bernadine alizima redio, akaiwasha tena, labda ungebadilisha maneno.

MAOMBI

Ombi letu la kwanza, usitusikilize. Tunajua limekaa vibaya kwenye risala, lakini ndilo lililotuleta.

La pili, Aprili hii teua wanaume wapana. Ulitundika taa nzuri, ukasahau kuijengea nyumba, kisha unailaumu taa kwa kuzimwa na upepo. Mpe Cortland ukuta na msimu mmoja. Akishindwa nyuma ya ukuta, hapo tutazomea kwa dhamiri safi.

La tatu ni la kiti. Bi. Earline amesema mjukuu akiondolewa, naye ataurudishia ukoo wa Gajewski kiti chao walichomkodisha. Sasa hivi yuko jikoni hapo. Amemwondoa Padri kwenye kikaango na kutia pilipili, ndiyo maana foleni ya leo imefika nje. Hajui tumeandika nini. Yeye anasali kijana arudi nyumbani, sisi tunaomba abaki. Pengine akitoka na hiyo sahani yako atatukasirikia. Tumekubali.

ZAWADI

Mgeni rasmi, kofia ya Cortland hatimaye tumeifuma. Bibi yake ameipima kwenye kichwa chake mwenyewe, akasema itamtosha.

Wewe tumekuletea ile ya kwanza. Soma jina: BRANDSTETTER. Timu iliyomchukua haikukaa naye, na sasa anauza jibini na baba yake mdogo. Tulipokutana naye dukani alituambia, "Mama zangu, namshukuru Mungu hamkunipata. Mngenizomea mimi."

Tunaomba uivae siku ya uteuzi, ukiwa umekaa na wataalamu wako. Ile sehemu ya soksi inawasha. Ikianza kukuwasha, usijikune. Muwasho huo ndio ushauri wetu wa mwaka juzi, tulipomtaka Kyle.

Mungu akupe afya, ayalinde magoti ya Cortland, na akuzibe masikio kwa wakati wake. Sasa karibu samaki.

Ni sisi,
Wanawake wa Jukwaa la Kaskazini, Port Lavelle, pamoja na kiti cha marehemu Gajewski, ambacho kina mwenyewe.