Mpimaji wa Maziwa wa Mshiri: Sifael Ndelilio Mtui, 1961–2025

Baba mchungaji, wazee wa ukoo, majirani na wageni wetu mliotoka mbali: wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na Yohana, mdogo wake marehemu. Sehemu ya ugonjwa ni ndefu kuliko kawaida. Mtuvumilie, kwa sababu ndiyo sehemu iliyosemwa sana huko njiani, na imesemwa vibaya.

Marehemu Sifael alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Mshiri, Marangu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ndelilio Mtui. Alibatizwa mwaka huo huo na kupata kipaimara mwaka 1975. Mama yetu alifariki mwaka 1968, Sifael akiwa na miaka saba. Tangu hapo alilelewa na dada yetu mkubwa, Elisifa, ambaye naye alikuwa msichana wa miaka kumi na minne tu. Elisifa ndiye aliyempikia na kumfulia, na Sifael alipougua surua hadi watu wakamkatia tamaa, ndiye aliyemlisha mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwa kijiko mpaka akainuka. Jambo hilo mlishike, maana tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi hapa Marangu mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari mjini Moshi hadi 1979. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha mifugo Tengeru, akahitimu mwaka 1983. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, na mwenyewe alikuwa akisema nafasi hiyo ilimfaa kwa sababu hakuna mwalimu aliyemkumbuka.

Kazi aliianzia Rombo kama bwana mifugo msaidizi. Mwaka 1991 alirudi nyumbani kupokea maziwa katika chama chetu cha wafugaji, na kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 2021. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kipimo chake cha kioo. Maziwa yakiwa safi kipimo kilielea, yakiwa na maji kilizama, na hapo hapakuwa na shangazi wala mjomba. Mwaka 1994 aliyarudisha maziwa ya dada Elisifa mbele ya foleni nzima. Dada akajitetea kwamba mvua iliingia kwenye ndoo. Sifael akamjibu, "Shikamoo dada. Hiyo mvua ya kwako inachagua ndoo?" Dada alinuna tangu Pasaka mpaka mavuno ya kahawa. Siku walipopatana alimpelekea mtori, wakala pamoja bakuli moja.

Akiwa Rombo alitumwa mnadani Tarakea kununua mtamba. Muuzaji alikuwa binti aitwaye Mektrida Kornel Tarimo, na hakupunguza hata shilingi. Sifael alirudi bila mtamba. Wiki iliyofuata akaenda tena, na iliyofuata tena, mpaka baba yake binti akauliza huyu bwana mifugo anataka ng'ombe au anataka nini. Wazee walivutana kuhusu kanisa, kwa kuwa binti alikuwa Mkatoliki, lakini ndoa ilifungwa tarehe 17 Desemba 1988 katika usharika huu. Walijaliwa watoto watatu: Jesse, Pamela na Brenda. Tuseme ukweli, wapo kati yetu ambao kwa miaka yote hiyo waliendelea kumwita "yule mwanamke wa Tarakea".

Mwaka jana Sifael alianza kubanwa na kifua kila alipopandisha na mzigo wa majani ya ng'ombe. Vipimo vilionyesha mishipa mitatu ya moyo imeziba. Tarehe 11 Machi 2025 alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Madaktari walichukua mishipa mingine mwilini mwake, wakaiunga kwenye moyo ili damu ipite pembeni ya palipoziba. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mwishoni mwa mwezi alirudi, akakaa kwa Pamela, Soweto ya hapa Moshi mjini, ili awe karibu na hospitali. Tulimshukuru Mungu mapema mno.

Wiki ya kwanza ya Aprili pumzi ilianza kumkatika. Alilazwa, akatobolewa ubavuni na kuwekewa mrija unaomwaga kwenye chupa. Kilichotoka hakikuwa damu wala usaha. Kilikuwa cheupe kama maziwa.

Daktari alituita, akatueleza polepole. Mafuta ya chakula yakitoka tumboni hupita kwenye mshipa mwembamba kama uzi, unaopanda kifuani na kuyamwaga kwenye damu. Mshipa huo ulikuwa umepasuka na kuvuja. Hutokea kwa wagonjwa wachache mno baada ya upasuaji wa moyo, akasema, wala si uzembe wa mtu. Tiba yake ya kwanza ni kuupumzisha. Alichomwa sindano za kupunguza mvujo, na tukaagizwa chakula chake kisiwe na mafuta hata kidogo: maziwa marufuku, nyama marufuku, siagi, parachichi na karanga marufuku. Mshipa ukipumzika unaweza kuziba wenyewe. Ukikataa, itabidi afunguliwe kifua tena, na mwili wake haukuwa na nguvu za kutosha.

Kazi ya kulinda chakula hicho ilimwangukia Mektrida. Alimpikia ndizi za maji na chumvi, ute wa yai, na uji mweupe wenye sukari. Nasi tukafanya kama tulivyozoea kufanya kwa mgonjwa. Tulibeba. Chupa za chai zilizojaa mtori zilitoka Mshiri, zikatoka Kiboriloni, supu ya mbuzi, maziwa ya mgando, na kila chupa Mektrida aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akairudisha. Alieleza mpaka sauti ikamkauka. Tulimsikia, ila macho yetu yalikuwa yanaona ndugu yetu anakonda mbele ya sahani ya ndizi tupu. Ndipo maneno yakaanza, kwamba mwanamke wa Tarakea anamuua mume kwa njaa ili abaki na kihamba, shamba la ukoo.

Marehemu kila asubuhi aliikagua ile chupa ya hospitali kama alivyokagua ndoo zetu. Kadiri maji yalivyokuwa maangavu, ndivyo mshipa ulivyokuwa unaziba. Alisema ni mara ya kwanza maishani anaomba maziwa yenye maji. Kufikia Ijumaa Kuu yalikuwa maangavu na machache, na daktari alianza kuzungumzia kuutoa mrija.

Jumapili ya Pasaka, Mektrida alikwenda ibada. Dada Elisifa aliingia wodini na chupa yake, akamfungulia mtori wa nyama na siagi, akamlisha kwa kijiko. Sifael alikula wote. Jioni chupa ya ubavuni ilijaa, nyeupe tupu. Daktari alimgeukia Mektrida kwa ukali, "Mama, si tulikubaliana?" Mektrida aliisikia harufu ya mtori kwenye shuka na akajua umetoka kwa nani. Ni marehemu aliyejibu, "Daktari, mwache mke wangu. Nimekula mwenyewe. Nilikuwa na njaa, na mkono ulionilisha nisingeweza kuukataa."

Mvujo haukukata tena. Tarehe 5 Mei alifunguliwa kifua, mshipa ukafungwa, na mvujo ukaisha kabisa. Lakini mapafu yalishika maambukizi, na mwili ulikuwa umechoka. Alifariki Ijumaa, tarehe 16 Mei 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa Mektrida. Baadaye, tulipoujua ukweli, tulimuuliza daktari kama ni ule mtori. Alisema huenda mshipa ungefunguka hata bila mtori, na hakuna awezaye kujua. Jibu hilo halikutusaidia, na limetuuma.

Kwenye kikao cha ukoo Jumapili iliyopita, dada Elisifa alisimama, akasema hatakula chochote kitakachotoka jikoni kwa aliyemnyima mdogo wake chakula. Mektrida aliinamisha kichwa. Pamela ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Shangazi," alisema akilia, "baba alitukataza tusikwambie." Kisha akamwambia yote.

Jana asubuhi dada alikuja kwa Yohana, akasema, "Uandike kwenye wasifu, na jina langu ulitaje." Yohana alimsihi aache, kwamba aibu hiyo haina haja. Akasema, "Nilimtukana mbele za watu. Utasoma mbele za watu." Kisha akaomba jambo la pili: orodha ya walioachwa, ambayo tulikuwa tumeianza kwa dada mkubwa kama desturi ya nyumba yetu, ianze kwa mwingine, na maneno ayachague dada mwenyewe. Tumeyaandika kama alivyoyasema.

Marehemu ameacha mjane, Mektrida, aliyemlisha vizuri mpaka mwisho. Ameacha watoto watatu, Jesse, Pamela na Brenda, wajukuu wanne, mdogo wake, Yohana, na dada yake, Elisifa, ambaye leo baada ya mazishi atampakulia Mektrida sahani ya kwanza kwa mkono wake.

Pumzika kwa amani, Sifael. Njaa imekwisha.