Samahani, Lakini Hupiti

Risala ya Timu ya Mpira wa Kikapu ya Wanawake wa Wabera kwa mgeni rasmi, Mzee Golicha Dullo. Isiolo, Julai 1983.

Mgeni rasmi, Mzee Golicha Dullo; Bwana Chifu; wazee wetu wa msikiti na wa kanisa; akina mama mliofunga maduka mapema kwa ajili yetu; majirani wote wa mtaa wa Wabera, mliopata viti na mliokosa: salaam aleikum, na habari za mchana.

KARIBU

Tunakukaribisha uwanjani kwa furaha, ingawa kusema kweli uwanja huu ulikuja kwa lori lako. Mwaka jana kocha wetu, Mwalimu Mungania, alikufuata mnadani kukuomba lori la kubeba changarawe. Ulimpa siku nzima, pamoja na dereva, ukamwambia, "Chukua, ni kazi ya watoto." Hukuuliza ni watoto gani. Sote hapa tunajua ulifikiri ni wavulana. Basi watoto wenyewe ndio hawa: wauguzi wawili, karani mmoja, washonaji, muuza maziwa, na wasichana waliomaliza shule juzijuzi. Kapteni wetu Kinanu ana watoto wanne, na wa mwisho ndiye huyo anayelia pale nyuma.

Tunaomba radhi mapema kwa jambo moja. Msomaji wetu akiviangalia viatu vyako zaidi ya uso wako, usidhani hajui kusoma. Ni adabu tu. Na adabu ndiyo habari tuliyokuitia leo.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kufunga vikapu tulijua tangu mwanzo. Aibu yetu ilikuwa nyuma, kwenye ulinzi. Mwezi wa tano tulikwenda Meru kucheza mechi ya kirafiki na timu ya walimu wa kule, wakatufunga hamsini na nane kwa kumi na tisa. Tulirudi nyuma ya pikapu bila hata mmoja kuanzisha wimbo.

Kesho yake Mwalimu Mungania alituketisha hapa chini ya ringi. Hakugomba. Aliuliza tu nani alipewa kumkaba mchezaji wao wa namba nne, yule mama mrefu aliyefunga karibu nusu ya vikapu vyote. Kabale akainua mkono. Ndiyo, mgeni rasmi, ni Kabale wako, kifungua mimba wako.

"Sasa Kabale, wakati huyo mama anafunga, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo, mwalimu. Nilimpisha."

"Ulimpisha?"

"Yule ni Mwalimu Gaceri. Alinifundisha darasa la tano hapa Isiolo. Anakuja mbio, na mimi niko mbele ya njia yake. Nitasimama namna gani? Nikamwambia, karibu mwalimu."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, maana kila mmoja alianza kukumbuka yake. Sadia alikumbuka kwamba alimwachia njia mwanamke fulani kwa sababu alionekana amemzidi umri. Mwingine alimpisha mke wa mchungaji. Hata hapa kwenye mazoezi, Kinanu akiuchukua mpira, sisi wadogo tulikuwa tunafunguka huku na huku, na yeye anapita katikati akienda kufunga.

"Kai!" Kinanu akasema. "Na vile mimi nilikuwa nafikiria nimekuwa mkali! Kumbe mnanipea njia tu, kama mgonjwa anapelekwa hospitali?"

Mgeni rasmi, hatumlaumu aliyetulea. Mtoto akimwona mkubwa njiani anakaa kando. Ndivyo mlivyotufunza, na ndivyo tutakavyowafunza wetu. Lakini hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ndani ya mistari hii ya chokaa mambo ni mengine.

MAZOEZI YA MFUNGO

Maandalizi ya msimu yaliangukia Ramadhani. Watu wengi, hata wengine walioketi hapa, walisema timu itafungwa kama duka mpaka Idd. Nusu yetu tunafunga, nusu hatufungi, na jua la Isiolo mnalijua. Mwalimu Mungania akasema vizuri, mwezi huu hakuna kukimbia na hakuna kurusha. Mwezi huu tutajifunza kusimama.

Alichora kwa chokaa mlango pale mbele ya ringi. Kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, mdogo aliwekwa mlangoni na mkubwa akaambiwa aingie na mpira wake. Wasiofunga walikataa kunywa maji mbele ya wenzao mpaka adhana isikike, na hakuna aliyewaamuru. Kisha sote tulikwenda kibandani kwa Mama Madina kunywa uji na kula tende, Mkristo na Mwislamu kwenye benchi moja, na yule ambaye hakuwa amefunga ndiye aliyekula kuliko wote. Hatutamtaja, ila anashona nguo karibu na soko.

Kabale ndiye aliyepata taabu kuliko sote. Kinanu alikuja, Kabale akasogea. Akaja tena, akasogea tena. Alituambia kwamba miguu yake inaondoka kabla yeye hajaiambia. Mara ya tatu aliketi chini, akajifunika uso kwa mtandio wake, na tukajua hacheki. Alipenda mchezo huu kuliko kitu chochote alichowahi kupewa, na aliona wazi kwamba utamshinda kwa sababu ya tabia njema.

Mwalimu Mungania alichuchumaa mbele yake. "Kabale, sijasema uache heshima. Mdomo uombe radhi vile unataka. Miguu ndiyo isisogee."

"Naweza kusema samahani?"

"Sema hata mara mia."

Akajipangusa, akasimama mlangoni. Kinanu akaja na mwili wake wote, na mnamwona, si mwili mdogo. Kabale akafungua mikono, akainamisha macho, akasema, "Samahani, dada Kinanu." Hakusogea. Kinanu alimgonga, akarudi nyuma yeye mwenyewe, akaanguka kitako kwenye changarawe yako, mpira ukaenda zake barabarani. Tulingoja hasira. Kinanu alikaa pale chini akicheka hadi machozi.

"Huyu msichana ni ukuta! Nani alikuwa anajua? Niinueni, turudie!"

Tangu siku hiyo, mgeni rasmi, timu nzima inakaba kwa neno hilo. Mwalimu alikuwa akituomba kila siku tuongee tunapolinda, tuitane, tusikae kama tuko maktaba. Sasa tumepata la kusema. Anayefungiwa njia anaambiwa samahani, mwenzako akisikia samahani anakuja kusaidia, na adui hajui akasirike au aitikie.

MAFANIKIO

Baada ya Idd tulirudi Meru kwa walimu wale wale. Mpira ulipoanza, Mwalimu Gaceri alimwona Kabale mbele yake, akafurahi sana.

"Kabale, hujambo? Unanikumbuka mimi?"

"Sijambo, mwalimu. Nakukumbuka vizuri." Kabale akamsalimia kwa mikono miwili, akarudi mahali pake, akafungua mikono. "Samahani, mwalimu. Leo hupiti."

Na hakupita. Alikwenda kushoto akamkuta, akazunguka kulia akamkuta. Kila alipogeuka alisikia samahani, tena kwa sauti ya upole, kama vile Kabale ndiye aliyemkanyaga. Nyuma yake Sadia akaitikia samahani, Kinanu akanguruma samahani, na wale waliokuja kutazama wakaanza kuisema nasi. Kipindi cha pili Mwalimu Gaceri alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akacheka. "Huyu nilimfundisha mimi," aliwaambia wenzake, kwa fahari kabisa.

Tulishindwa kwa kikapu kimoja. Tunalisema bila kuficha, kwa sababu tulirudi tukiimba njia nzima, na kwenye kizuizi cha barabarani askari alimulika tochi ndani ya pikapu akauliza kombe liko wapi. Tulimwambia linakuja. Walimu waliotufunga hamsini na nane hawakufika thelathini, na mguu wa kila mmoja wetu ulikuwa umefanya kazi mpaka filimbi ya mwisho.

Hatujui Kabale alitoa wapi kusimama namna hiyo. Lakini wenzako wa mnadani wametusimulia habari ya mnunuzi mmoja wa ng'ombe aliyetaka kuondoka na fahali kabla ya kuelewana nawe, na jinsi ulivyosimama kwenye lango la boma, ukimwamkia, ukimwulizia watoto wake, na hukuondoka mpaka mambo yakanyooka. Sisi tuliposikia hivyo hatukuuliza tena.

MATATIZO

Nyavu za ringi zimechakaa. Mpira wetu mmoja umevimba upande. Viatu tunaazimana, ndiyo maana Sadia leo amevaa viwili visivyofanana.

Hayo tutayamudu. Tatizo linalotunyima usingizi ni lori lako linalokwenda Merti Jumatatu, kwa sababu umeagiza Kabale apande akamsaidie dada yako Batula dukani, akae huko mpaka mwisho wa mwaka. Ligi yetu inaanza Nanyuki Jumamosi. Habari hiyo Kabale alitupatia kwa Mama Madina, akizungusha kikombe cha uji mkononi asikinywe.

"Umemwambia baba yako unataka kubaki?" Kinanu alimuuliza.

"Baba ameshasema."

"Ndiyo, amesema. Na wewe umesema nini?"

"Nitasema nini, dada? Baba akija upande wangu, mimi napisha."

Hapo, mgeni rasmi, tulielewa sote. Mlangoni pa chokaa alikuwa amejifunza. Mlango mmoja tu ndio uliobaki.

MAOMBI

Tunaomba nyavu mbili, ukijaliwa.

Tunaomba Kabale abaki Isiolo msimu huu acheze nasi. Hatuji mikono mitupu. Mdogo wake, Dida, amemaliza shule na amekubali kwenda Merti badala yake, tena bila kushikwa shati, au kwa kushikwa kidogo tu. Anajua hesabu za duka, na Mama Batula anampenda. Safarini Nanyuki Kabale atalala chumba kimoja na Kinanu, na kama kuna mtu Isiolo anayeweza kumpita Kinanu mlangoni, ajitokeze tumwone.

Tunajua nyumbani ungesema "tutaona", na jambo lingeishia hapo. Ndiyo sababu tulikuomba uwe mgeni rasmi. Desturi ya risala ni kwamba mgeni akishasomewa maombi, huyajibu mbele ya watu, kabla ya chai. Utusamehe ujanja huu. Tulikuwa tumeshindwa na njia zote fupi.

DUA

Mungu akuongezee mifugo, na mvua ya kuinywesha. Akupe umri mrefu uone wajukuu wakikimbia kwenye changarawe hii. Ampe dada yako Batula wateja wengi, na msaidizi mwingine. Amin.

Ni sisi wachezaji wako, Timu ya Mpira wa Kikapu ya Wanawake wa Wabera.

Imesomwa kwa niaba ya wote na Kabale Golicha, mlinzi, jezi namba nane. Tulimwambia asiketi mpaka mgeni rasmi ajibu, naye akasema hakukuwa na haja ya kumwambia. Amesimama kati yako na meza ya chai, na sasa ameinua macho.

Samahani, Baba.