Kipande Yenye Ilikataa Kule Sandoa

Batata na bamama ba shirika yetu ya maombi, munisikie kidogo. Munanijua: mi ni mutu wa ordinateur, wa kompyuta, na nilikuwa na majivuno. Bale banacheka kule nyuma banajua kabisa!

Niliandika plugin, ni kusema kipande kidogo ya kuongezea mu programu ya dawa ya badispensaire, pale bagonjwa banapata dawa. Inaonyesha dawa gani inakaribia kuharibika. Hapa Kolwezi ilitembea muzuri. Nikaiweka mu clé USB, nikaituma Sandoa na kamyo, juu kule hakuna internet.

Mama infirmière, muuguzi wa dispensaire ya kule, akanipigia telefone: «Tata, inakataa. Inasema kuna kintu inakosa.»

Nikamujibu: «Mama, labda haujue kufungua.»

Akarudilia mara tatu. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: nilienda kwa shefu wa badispensaire, nikasema huyu mama anaharibu mashini. Shefu akaanza kutafuta mutu wa kumuweka pa nafasi yake. Mama ule iko na batoto bane, na bwana alikufa.

Kisha ordinateur yangu ikakufa. Nikapata ingine, mupya, tupu. Nikaweka plugin yangu mi mwenyewe. Ikakataa! Maneno yale yale yenye mama alinisomea. Nikaisoma tena, njo nikaelewa.

Plugin yangu inaegemea bipande yenye batu bengine baliandika, banaita bibliothèques. Niliiweka zamani mu mashini yangu, nikasahau kama iko. Nilimutumia mama mboga bila bukari, bila ugali, kisha nikamulaumu juu ya njaa.

Nikakimbia kwa shefu. «Ni mi nilikosa. Mama hana kosa.» Barua ya kumufukuza ilikuwa pa meza, ilikosa tu sahihi yake. Akaipasula. Niliona haya, lakini nilipumua.

Nikafunga plugin na bibliothèques yake yote pamoja, nikaijaribu kwa ordinateur ya dada yangu wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi, yenye haikuonaka kazi yangu. Njo nikaituma.

«Tata, inafunguka!» mama akapiga kelele. Nikamuelezea yote, hata maneno ya kwa shefu.

Asante kwa dada yangu, kwa shefu, na kwenu munaniombea. Mutu wa mbali akikuambia kazi yako inakataa, umuamini kwanza.

Na mama aliniambia: «Nimekusamehe, Tata. Lakini kuja useme ile mbele ya batoto yangu. Baliniona nalia.»

Kesho napanda kamyo ya Sandoa.