Historia ya Sindano, Aliyelainisha Gitaa Asilolisikia

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake wa gereji na ninyi wanabendi mliokaa upande wa kivuli, familia imenipa mimi, dada yake mkubwa, kazi ya kuandika na kusoma historia hii, baada ya mabishano ya tangu jana, maana wapo waliosema nikishika karatasi nitasema mengi, nami nikawajibu kwamba marehemu nilimbeba mgongoni kabla wao hawajamjua, na haya niliyoyaandika mke wake ameyasikiliza leo asubuhi mpaka mwisho, akafuta macho, akasema, "Soma yote, wifi, na Kiongozi wa bendi ayasikie."

Marehemu mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Sindano, alizaliwa tarehe 11 Agosti 1953, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na karakana ya mhunzi, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa baba yetu, mchukuzi wa mizigo pale stesheni, na mama yetu, aliyekuwa akifulia watu nguo, na alipotoka tumboni alilia kwa sauti kali na nyembamba hata mkunga akauliza ni nani aliyekanyaga paka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akamaliza mwaka 1967, akiwa amefaulu kuimba na kupata alama za huruma katika masomo mengine, hilo nalisema bila kumwonea, maana nami sikumshinda kwa mbali, na mwezi Februari 1970 aliajiriwa katika gereji ya nyuma ya soko, kazi yake ikiwa kunyoosha bodi za magari yaliyobondeka, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2013, miaka yote hiyo akigonga bati kwa nyundo kutwa nzima bila kuziba masikio, kwa sababu siku zile fundi aliyeziba masikio aliitwa bibi harusi.

Mwaka 1975 aliingia katika bendi ya ukumbi wa stesheni, iliyoundwa mwaka huohuo, na gitaa la umeme la mtumba, jekundu, lenye kung'aa kwa rangi na kwa sauti, na badala ya kulipiga kwa kidude cha plastiki kama wenzake alikata kipande cha bati la mlango wa gari, akawa anazichapa nyuzi kule nyuma kabisa, karibu na daraja lake, pale nyuzi zinapokazwa, huku kitufe cha toni, kile cha ukali wa sauti, amekizungusha mpaka mwisho, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kuchoma, watu wa meza za mbele wakawa wanacheza huku wamefumba jicho moja, ndipo akapewa hilo jina la Sindano, akalifurahia, masikini, akidhani wanamsifia wepesi wa vidole.

Mwaka uliofuata bendi ilipata mwimbaji mpya, binti aliyekuwa mpokea simu katika ofisi ya maji, mwenye sauti ya chini na ya taratibu, naye siku ya tatu ya mazoezi alisimamisha wimbo katikati, akamgeukia mdogo wangu mbele ya watu wote na kusema, "Kaka Sindano, mimi naimba na wewe unanidunga, sasa ama hilo gitaa lishuke ama mimi nishuke jukwaani," na mdogo wangu, ambaye kwa matusi ya mafundi alikuwa hana mpinzani, siku hiyo alichomoa waya, akalibeba gitaa mpaka nyumbani, na sisi wenye macho tukajua kijana amekwisha.

Kwanza alikosea, maana alipunguza kila kilichopunguzika, akafunika na spika kwa shuka la mama, gitaa likawa kama mtu anayesema amejifunika gubigubi, mpiga ngoma, ambaye ndiye Kiongozi wa bendi wa leo, akacheka mpaka akaangusha fimbo zake, ndipo marehemu akarudi nyuma na kuanza upya, akatupa kile kipande cha bati na kupiga kwa nyama ya dole gumba, akasogeza mkono kuelekea shingo ya gitaa ambako nyuzi zina ulegevu, akafunga nyuzi nene zaidi, akazishusha kidogo zile sumaku za kunasa sauti zilizo chini yake, na kile kitufe akakirudisha mpaka chini ya nusu, si zaidi, hapo sauti ikawa na joto la mtu anayekusalimia huku anatabasamu, ikakaa chini ya sauti ya yule binti kama mto chini ya kichwa, na tarehe 17 Desemba 1977 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1979 ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa mwaka 1984 ambaye ni dereva wa malori, na wote wako hapa.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mnataka niparuke, na siruki.

Baada ya kustaafu marehemu alianza kulalamika kwamba gitaa limezubaa, akanunua nyuzi nyembamba, akazipandisha sumaku, akakizungusha kile kitufe kidogo kidogo kila wiki, na sisi tukaisikia ile sindano ya zamani ikirudi, kali kuliko mwanzo, wasikilizaji wakaanza kuvuta viti vyao nyuma, na kila mtu ukumbini alijua kwamba masikio ya Sindano yamekufa upande wa sauti nyembamba isipokuwa Sindano mwenyewe, naye shemeji yenu, mke wake, alitukalisha jikoni kwake, mimi na wanawe, akasema, "Atakayemwambia, mimi na yeye basi, kwa sababu huyu mtu namjua, siku akijua haliwezi tena, halishiki tena, na asipolishika atakaa kwenye kiti kile akingoja kufa," kisha akanitazama mimi peke yangu, akaongeza, "Wifi, nakuomba," na mnaonijua mnaelewa nilivyoteseka, kwa maana habari ya namna ile kukaa nayo kifuani ni kama kumeza kaa la moto.

Mwezi Machi 2015 bendi ilikuwa inatimiza miaka arobaini, ukumbi umekwisha kujaa kwa ahadi, na Kiongozi, huyu aliyekaa mbele na miwani ya jua, alikuja nyumbani, akakataa kukaa, akasema pale mlangoni, "Shemeji, sitaki kuaibika, ama umwambie wewe ama nitamwambia mimi jukwaani," naye mke wa marehemu akamjibu, "Mwambie jukwaani, na kipaza sauti ukishike wewe uimbe," wakaachana hivyo, na Ijumaa ya tarehe 20, kwenye mazoezi ya mwisho ya mchana, tukamkuta Kiongozi amemleta mpiga gitaa wa hotelini, amekaa kiti cha mstari wa kwanza, mkoba wa gitaa magotini, anangoja.

Marehemu alimwona, akajifanya hakumwona, akapiga, mke wake akaimba, hakuna aliyetazamana na mwenzake, mpiga besi alikuwa anaangalia viatu vyake, na katikati ya ubeti wa pili gitaa likanyamaza, marehemu akamwambia mkewe, "Mama, bega lako lina nini," akajibiwa halina kitu, akasema, "Kila nikigusa uzi mwembamba wa chini linaruka mpaka sikioni, nimelitazama tangu tuanze, niambie," Kiongozi akafungua mdomo, mimi nikamkanyaga mguu, naye leo ajue kwamba nilikusudia, ndipo mke wake akasema kwa sauti ndogo, "Ni kali, baba watoto, inanichoma," akaulizwa tangu lini, akasema, "Tangu ulipostaafu."

Tulidhani atalitupa lile gitaa, lakini hasira yake haikuwa juu ya masikio, alisema, "Umesimama kwenye moto huu muda wote huo, na mimi niko pembeni yako," kisha akamwambia, "Imba, usiache," akaanza kukirudisha kile kitufe, akautoa mkono kule nyuma na kuusogeza shingoni, macho hayatoki begani kwa mkewe, akawa anatwambia, "Mimi sasa nasikia kama nagonga mbao," na bega bado liko juu, akarudisha tena, akasema, "Sasa kwangu limekufa kabisa," na hapo hapo lile bega likashuka, akaacha kitufe palepale, na yule bwana wa hotelini akauchukua mkoba wake taratibu na kutoka kwa mlango wa pembeni.

Daktari wa masikio alikuja kuthibitisha baadaye kwamba ni zile nyundo, na dawa hakuna, lakini marehemu aliendelea kukaa kwenye kiti chake cha bendi mpaka Novemba 2020, akiwapigia ninyi sauti ya joto ambayo yeye mwenyewe hakuipata, kila wimbo mpya akiutafutia mahali pake begani kwa mke wake.

Mwezi Mei 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, ikagundulika ni moyo, akatibiwa kwa kulazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, na tarehe 9 Februari 2022, saa tatu asubuhi, akafariki wodini, mkewe akiwa ameshika mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotubebea maji na viti, mafundi wa gereji waliochonga jeneza hili na kunyoosha bawaba zake, wanabendi wote, na Kiongozi pia, ambaye tangu siku ile hakumleta mtu mwingine.

Na wewe mdogo wangu, miaka ile ya mwisho ulikuwa ukishuka jukwaani umenuna, unasema watu wa siku hizi hawapigi makofi, tukikwambia wanapiga ukaona tunakubembeleza, hukukubali kwamba makofi nayo ni sauti nyembamba na yalikuwa yanakupita, basi leo huwezi kunibishia, walipiga, Sindano, walipiga wamesimama. Pumzika kwa amani.